Gregory Maloba: Mwana wa Mumias aliyeusimamisha uhuru wa Uganda kwa saruji

NOTI za Uganda zilizoanza kutumika mwaka wa 2010 zina alama kadhaa zinazojirudia kuanzia ile ndogo hadi ile kubwa: ramani ya nchi, ususi wa mikeka, sura ya Mkaramoja na mnara wa mwanamke aliyemwinua mtoto. Mnara huo umekunjwa, umefungwa kwenye pindo za leso na kuhesabiwa na mamilioni ya watu wasiojua umetoka mikononi mwa nani.

Aliyeuchonga hakuwa raia wa nchi hiyo. Alikuwa Mluhya kutoka Mumias, mahali ambapo sasa pamo katika Kaunti ya Kakamega, na jina lake lilikuwa Gregory Maloba.

Nyumbani kwao jina hilo halikuvuma. Wasomi wa historia ya sanaa hulitaja kwa heshima wanapoeleza jinsi uchongaji wa kisasa ulivyoanza Afrika Mashariki, lakini watu wa Magharibi mwa Kenya, ambao ni wepesi wa kujivunia wanasoka wao, wanasiasa wao na wapigaji wao wa isukuti, huliruka. Huenda ni kwa sababu kazi yake kubwa ilibaki upande wa pili wa mpaka. Huenda pia ni kwa sababu mchongaji, tofauti na mwanasiasa, hana wa kumpigia debe.

Maloba alizaliwa mwaka wa 1922. Mwaka huo huo, mjini Kampala, serikali ya kikoloni ilifungua shule ndogo ya ufundi juu ya kilima cha Makerere ikiwa na wanafunzi 14, wote wavulana, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mtoto wa Mumias na shule ya Makerere walikua sambamba, kila mmoja upande wake, kwa muda wa miaka karibu 20 kabla ya kukutana.

Mumias ya utoto wake ilikuwa mji uliokwisha kupita enzi yake. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga, aliyekuwa kwenye kiti tangu miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka wa 1949. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikituama kwake kupumzika na kununua chakula kabla ya kuendelea Buganda. Kwa ajili ya misafara hiyo Kiswahili na Uislamu vilitia mizizi mjini humo mapema kuliko katika sehemu nyingi za bara. Askofu James Hannington aliondoka Mumias mwezi wa Oktoba 1885 kuelekea Buganda, na hakurudi; aliuawa Busoga.

Jambo moja husahauliwa sana na wanaomwita Maloba mgeni nchini Uganda. Kabla ya Aprili 1902, Mumias haikuwa chini ya serikali ya Nairobi hata kidogo. Ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa himaya ya Uganda, na ulipokatwa mpaka mpya ndipo watu wake walipojikuta wakihesabiwa upande huu. Mtu aliyezaliwa Mumias miaka 20 tu mapema zaidi angekuwa amezaliwa Uganda.

Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka wa 1901, njia ya misafara ilianza kufa. Mwaka wa 1920 makao makuu ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega. Miaka kumi na kidogo baadaye, dhahabu ilipogunduliwa karibu na Kakamega na wazungu wakamiminika huko na sururu zao, Mumias ilizidi kusukumwa pembeni. Ilibaki na Nabongo wake mzee, msikiti wake na misheni ya Kikatoliki iliyojengwa na mapadre wa shirika la Mill Hill mwanzoni mwa karne hiyo.

Kwa kijana mwenye jicho la kuumba, misheni ya Kikatoliki haikuwa kitu kidogo. Makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa na kuta tupu. Yale ya Kikatoliki yalikuwa na sanamu: Bikira Maria, Msalaba, watakatifu waliopakwa rangi. Kwa watoto wengi wa kizazi hicho, hapo ndipo walipoonana kwa mara ya kwanza na sura ya binadamu iliyoumbwa ikafanana naye.

Sanaa ya mikono, kwa upande mwingine, haikuletwa na mapadre. Waluhya walikuwa wafinyanzi na wahunzi tangu kale. Hadi leo, jirani na mji wa Kakamega, kijiji cha Ilesi kinajulikana kwa vyungu vyake. Na upande wa Samia, karibu na ziwa, palikuwa na mawe ya chuma yaliyoyeyushwa katika matanuri ya udongo, yakafuliwa kuwa majembe ambayo yaliuzwa mbali na kutumika hata kama mahari. Lakini mhunzi na mfinyanzi walitengeneza vitu vya kutumiwa: jembe la kulimia, mkuki wa kujikinga, chungu cha kupikia. Kuuchukua udongo huo huo na kuufanya uso wa mtu, kisha usitumike kwa lolote ila kutazamwa, lilikuwa wazo geni.

Wazo hilo ndilo Maloba alilolikuta likifundishwa Makerere.

Aliyekuwa akilifundisha ni Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea uchoraji katika chuo cha Slade, London, na aliyekuwa mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, Hugh Trowell. Wenzi hao walikuwa wamekwisha kuishi Kenya kwa miaka kadhaa, kwa sehemu miongoni mwa Wakamba wa Machakos, kabla ya kuhamia Uganda mwaka wa 1935. Mwaka wa 1937 Bi Trowell alianza kufundisha uchoraji kwenye varanda ya nyumba yake, bila mshahara na bila ahadi ya chochote. Mwaka wa 1939 alipeleka kazi za wanafunzi wake kuonyeshwa London. Kidogo kidogo Makerere ikalikubali darasa lake, likawa idara, na hatimaye shule kamili ambayo baadaye ilipewa jina lake.

Bi Trowell alikuwa na msimamo uliozua mabishano ambayo hayajaisha. Aliamini kwamba Mwafrika asifundishwe kuiga wachoraji wa Ulaya, bali aanze na hadithi, imani na mazingira yake mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa akiwasimulia wanafunzi kisa, kisha akawaacha wakichore walivyokiona akilini. Waliompinga walisema kwamba kwa kuwazuilia mafunzo ya kiufundi ya Ulaya alikuwa akiwafungia mlango. Waliomtetea walisema aliwaokoa na utumwa mwingine.

Maloba alikuwa mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo kabisa, na katika uchongaji alikuwa wa kwanza kung'ara. Kazi yake inayotajwa zaidi ya wakati huo ni mchongo wa mti wa mwaka 1941 uitwao 'Kifo', ambao ulihifadhiwa katika jumba la sanaa la Makerere. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 19. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto, na vijana wa rika lake kutoka Magharibi mwa Kenya walikuwa wakichukuliwa kwa maelfu kujiunga na kikosi cha KAR.

Wahakiki wameona katika kazi zake dalili za Jacob Epstein, mchongaji mashuhuri wa London aliyezaliwa Marekani, ambaye sanamu zake nzito ziliwakera Waingereza wengi wa enzi hiyo. Hapa pana kinaya. Epstein mwenyewe alikuwa mkusanyaji mkubwa wa sanaa ya Afrika, hasa vinyago vya magharibi na kati ya bara hili, na alichota mengi humo. Kijana wa Mumias aliyemtazama Epstein alikuwa akiipokea Afrika nyingine kwa kupitia London.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba katika nchi aliyokuwa akifunzwa hakukuwa na desturi pana ya kuchonga sura za watu. Waganda walikuwa mabingwa wa kutengeneza nguo za magome ya miti, ngoma, vikapu na vyungu vyembamba vyeusi vya ikulu, lakini sanamu ya mtu ilikuwa nadra. Kilichojulikana zaidi kilikuwa kichwa cha udongo kilichofukuliwa mwaka wa 1929 kule Luzira, wakati wa kuchimba kwenye gereza, na ambacho kilichukuliwa na jumba la makumbusho la Uingereza mjini London. Isitoshe, Waganda wengi waliobatizwa walikuwa wamefundishwa kuviona vinyago kuwa masalio ya ushirikina. Mtu aliyejitosa kufundisha uchongaji katikati ya watu hao alihitaji subira.

Subira hiyo Maloba alikuwa nayo. Baada ya masomo alibaki Makerere akiwa msaidizi wa Bi Trowell. Vita vilipokwisha alipata nafasi ya kwenda kuongeza masomo ya sanaa nchini Uingereza, kisha akarejea kilimani kufundisha. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kabisa kufundisha sanaa katika taasisi ya elimu ya juu Afrika Mashariki, pamoja na mwenzake Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro ambaye baadaye aliingia katika utumishi wa kibalozi wa Tanganyika.

Makerere ya miaka ya 1950 ndiyo iliyokuwa chuo kikuu cha kanda nzima, na shule yake ya sanaa ilipokea vijana kutoka pande zote. Rosemary Karuga wa Kenya, aliyefariki mwaka wa 2021 baada ya kujulikana kwa picha zake za vipande vya karatasi, alipitia hapo mwanzoni mwa muongo huo. Elimo Njau wa Marangu, aliyechora picha za ukutani za kanisa la Murang'a na baadaye kuanzisha jumba la Paa ya Paa mjini Nairobi, alipitia hapo pia. Kizazi kizima cha walimu wa sanaa wa Kenya, Uganda na Tanganyika kiliutoa ujuzi wake kwenye karakana zile zile.

Mwalimu wa sanaa hupotea ndani ya wanafunzi wake. Mchoraji anayeuza picha ana orodha ya kazi zake. Mwalimu ana orodha ya majina ya watu wengine. Hilo linaeleza kwa sehemu kwa nini mtu aliyefanya kazi kwa zaidi ya miongo miwili katika chuo kikuu kilichokuwa kitovu cha usomi Afrika Mashariki asiwe na sanamu nyingi zinazojulikana na umma. Saa alizowapa wanafunzi hazikurudi.

Bi Trowell alistaafu mwaka wa 1958, na nafasi yake ikashikwa na Cecil Todd, mtu wa mtazamo tofauti kabisa. Todd alitaka wanafunzi wajue historia ya sanaa ya dunia na mbinu za kisasa, waweze kushindana popote. Mtaala ukabadilika, walimu wapya wakaja, akiwemo Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora. Maloba alivuka mabadiliko hayo bila kuanguka, jambo ambalo si rahisi kwa mtu aliyelelewa na utawala uliotangulia. Alikuwa mwanafunzi wa Trowell aliyekwisha kwenda Ulaya. Pande zote mbili alizijua.

Kisha uhuru ukabisha hodi. Uganda ilipangiwa kujitawala tarehe 9 Oktoba 1962. Kila taifa jipya lilihitaji vifaa vyake: bendera, wimbo, nembo. Bendera ya rangi nyeusi, manjano na nyekundu ilibuniwa na Grace Ibingira. Wimbo wa taifa ulitungwa na George Kakoma. Hao wawili walikuwa wana wa nchi. Kazi ya mnara wa kumbukumbu, ambayo serikali ya kikoloni iliyokuwa ikifunga virago iliiagiza, ilimwangukia Mkenya aliyekuwa mwalimu Makerere.

Nchi yake mwenyewe ilikuwa bado koloni wakati huo. Kenya ingengoja hadi tarehe 12 Desemba 1963. Maloba aliombwa kuutolea umbo uhuru wa jirani akiwa yeye mwenyewe hajaupata. Asiyelizingatia hilo hataielewa sawasawa sanamu yenyewe.

Sanamu ni ya mwanamke aliyesimama, urefu wake ukiwa kiasi cha mita sita. Miguu na kiwiliwili chake vimezongwa na mikanda minene, kama mtu aliyefungwa na ambaye vifungo vyake vimeanza kulegea bila kuanguka. Juu, mikono yake imemwinua mtoto, na mtoto huyo hana kifungo hata kimoja. Amenyoosha mikono kuelekea mbinguni. Kwa kawaida huelezwa kwamba mama ni nchi iliyokuwa chini ya ukoloni na mtoto ni taifa lililozaliwa.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini ni ya haraka mno. Minara mingi ya uhuru barani Afrika ina mwenge, ngao, mwanajeshi au mtawala aliyenyoosha kidole. Katika mnara wa Kampala hakuna silaha, hakuna kiongozi, hakuna chama. Na kuna lile jambo la mikanda. Mchongaji aliyetaka kuwafurahisha wakubwa katika siku ya sherehe angemwonyesha mama akiwa amekwisha kukata minyororo, imetapakaa chini. Maloba aliiacha mwilini. Aliyezaliwa yuko huru. Aliyemzaa bado anajikwamua. Hata ukisimama chini yake leo huoni kwamba kazi hiyo imekwisha.

Mnara ulisimamishwa katikati ya Kampala, kati ya barabara za Nile na Speke, karibu na bustani ambayo baadaye ilipakana na hoteli ya Sheraton. Jina la barabara la mvumbuzi Mwingereza lilibaki pale pale, likiupakana mnara wa uhuru kutoka chini. Si Maloba aliyepanga hilo.

Inafaa kusimama kidogo kwenye saruji. Sanamu kubwa za umma huko Ulaya zilikuwa zikitengenezwa kwa mawe, kwa shaba nyeusi au kwa chuma cha kusubu. Katika karne ya 19 viwanda vya Scotland na Ufaransa vilisubu chuma kwa wingi, vikatoa nguzo zenye maua, chemchemi za maji zenye malaika, nguzo za taa na sanamu za bustani zilizosafirishwa kwa meli hadi kila bandari ya dunia. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka wa 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, ilizungukwa na nguzo za chuma cha aina hiyo.

Mbinu ya kusubu ina siri yake. Mchongaji hugusa udongo au nta tu. Umbo lake huchukuliwa kwa kalibu, na madini yaliyoyeyuka humiminwa ndani ya kalibu hiyo na mafundi wengine, kwenye tanuri kubwa na kwa gharama kubwa. Bila kiwanda cha kusubu, mchongaji wa madini ni kama mwandishi asiye na mtambo wa kuchapa.

Saruji ndiyo iliyokuwa chuma cha kusubu cha Afrika Mashariki. Bei yake ilikuwa ya kawaida. Tangu miaka ya 1950 Uganda ilikuwa na kiwanda chake cha saruji kule Tororo, mji ulio mpakani, si mbali na nyumbani kwa kina Maloba. Na kama madini, saruji humiminwa: huja ikiwa uji, hushika umbo la kalibu, kisha ikawa jiwe. Mchongaji anaweza pia kuipaka moja kwa moja kwenye mifupa ya vyuma, tabaka baada ya tabaka, akiifinyanga kabla haijakauka. Ndani ya kila sanamu kubwa ya aina hiyo, kwa hiyo, pana kiunzi cha chuma kisichoonekana, kilichopindwa kufuata mkono, mgongo na goti.

Hatari yake imo humo humo. Maji yakipenyeza kwenye ufa mdogo hufika kwenye chuma. Chuma hushika kutu. Kutu huvimba na kupasua saruji kutoka ndani. Mchongaji anayemwinua mtoto wa saruji juu ya mikono iliyonyooka, katika mji wenye mvua nyingi kama Kampala, anacheza na uzito na maji kwa wakati mmoja. Mikono ile ndiyo sehemu dhaifu zaidi. Kwamba ilistahimili zaidi ya miaka 60 ni ushahidi wa fundi aliyejua alichokuwa akikifanya.

Ilistahimili na mengine pia. Mwezi wa Mei 1966 majeshi ya Milton Obote yalishambulia ikulu ya Kabaka kule Mengo, mwendo mfupi kutoka pale. Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali. Mwaka wa 1972 Waasia walifukuzwa nchini. Mwaka wa 1979 wanajeshi wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala. Julai 1985 serikali ilipinduliwa tena, na Januari 1986 wapiganaji wa Yoweri Museveni wakauteka mji. Kila mtawala aliyekuja aling'oa alama za aliyemtangulia. Mnara wa Maloba haukuguswa. Haukuwa na uso wa mtu yeyote wa kuchukiwa.

Mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka. Katikati ya miaka ya 1960 alirejea Kenya, akajiunga na chuo kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, akashika uongozi katika idara ya usanii na ubunifu. Mwaka wa 1970 vyuo hivyo vitatu vilitengana, kila nchi ikachukua chake. Kwa mtu aliyezaliwa Mumias, akasomea Kampala na kufundisha vijana wa nchi tatu, mpaka uliochorwa mwaka wa 1902 ulikuwa umefika hadi mlangoni mwa darasa.

Nairobi haikumpa kazi ya ukubwa wa ile ya Kampala. Sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta akiwa ameketi, iliyowekwa mbele ya jumba la mikutano la KICC mwaka wa 1973, ilitengenezwa na Mwingereza James Butler, kwa shaba nyeusi. Ni kazi nzuri, hakuna ubishi. Lakini miaka kumi baada ya uhuru, Kenya ilikuwa na raia wake aliyekwisha kulisimamishia taifa zima mnara, akiwa anafundisha chuo kikuu umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka mahali hapo. Uganda ya wakoloni ilimwamini Mkenya. Kenya huru ilimwagiza mchongaji kutoka ng'ambo.

Maloba aliendelea kufundisha. Katika mji ambao sanaa ya kuuzia watalii ilikuwa ikishamiri, twiga wa mti na simba wa mawe wakipangwa barabarani kwa bei ya chini, idara ya chuo kikuu ilikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo kijana angeweza kuuliza ni kwa nini umbo liwe hivi na lisiwe vile. Baadaye mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, uliingiza sanaa na kazi za mikono katika shule zote za msingi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane. Somo lisilotahiniwa Kenya halifundishwi. Kila mwalimu mkuu anajua hivyo. Watoto wa Mumias waliofuata walipata udongo mchache shuleni kuliko wazazi wao.

Tarehe 18 Februari 2007 sanamu ya Dedan Kimathi, bunduki mkononi, ilizinduliwa katikati ya Nairobi, na safari hii kazi ilikuwa imepewa Wakenya. Miaka minne baadaye, sanamu ya Tom Mboya, pia ya mikono ya Wakenya, ilisimamishwa kwenye barabara ya Moi, karibu na mahali alipouawa mwaka wa 1969. Wachongaji wa kizazi hicho walifunzwa na vyuo vya humu nchini, katika masomo yaliyoanzishwa na watu wa rika la Maloba.

Hakuiona sanamu ya Mboya. Gregory Maloba alifariki mwaka huo wa 2007, akiwa na miaka ya katikati ya themanini. Mchongo wake wa 'Kifo', alioutengeneza akiwa kijana wa miaka 19, ulikuwa bado Makerere, na mnara wa Kampala ulikuwa umekwisha kutimiza miaka 44 kwenye mvua.